Jaribu siki kabla hujamwaga changarawe kwenye tangi la samaki

Wewe unayetaka kupanda mimea kwenye tangi la samaki wa maji yasiyo na chumvi, usichague changarawe kwa rangi. Chukua punje chache zilizo kavu, zidondoshee siki, kisha zisogeze karibu na sikio. Ukisikia zinachemka na kuona vipovu, zina chokaa. Zitapandisha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini kama kalsiamu, polepole, na mimea mingi haipendi hivyo. Zisipotoa kitu, endelea.

Ukubwa wa punje ndio unaosahaulika zaidi. Milimita 1 hadi 3 zinatosha, yaani isizidi sana kichwa cha njiti ya kiberiti. Zikiwa kubwa, mche unaelea usiku kucha na uchafu unazama kwenye mianya. Mchanga laini mno nao hujishikanisha, mizizi ikakosa hewa. Tandaza sentimita 5 hadi 7, nyuma juu zaidi kuliko mbele.

Changarawe na mchanga havina chakula, kwa hiyo fukia vidonge vya mbolea karibu na mizizi. Udongo maalumu wa matangi unacho tayari, ila aina nyingi hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, wiki za mwanzo. Tafadhali usiwatie samaki mpaka upime maji na kukuta amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) ni sifuri. Nawaonea huruma sana wanaoharakishwa.

Anubias, mmea wa majini wenye shina nene linalotambaa, usilifukie shina lake hata kidogo, litaoza. Ifunge kwenye jiwe kwa uzi.