Gobore la mitutu miwili: mambo ya kuzingatia kabla ya kulinunua na kulipima shabaha

Gobore la mitutu miwili si magobore mawili yaliyofungwa pamoja. Mitutu yake huunganishwa kiwandani ikiwa imeelekeana kidogo kwa mbele, ili risasi ya kulia na ya kushoto zikutane kwenye umbali fulani, mara nyingi mita 50 hadi 70. Lakini zitakutana hapo iwapo tu kiasi cha baruti na uzito wa gololi (risasi ya duara) vinafaa. Kwa hiyo usiguse kilengeo hata kidogo kabla mitutu yenyewe haijapatana, yaani kupiga mahali pamoja.

Kwanza kibali. Gobore nalo ni silaha ya leseni, kwa hiyo anzia polisi wilayani kwako kabla hujalipa hata malipo ya awali. Ulizia pia utaratibu wa kupata baruti na fataki (vikopo vidogo vya kuiwashia), maana bila hivyo umenunua fimbo. Na leseni ya silaha si leseni ya kuwinda. Hiyo ina milango yake. Gobore lililochongwa mtaani kwa bomba la maji lisikukaribie usoni, bei iwe iwavyo.

Ukilishika la kununua, chukulia kwamba limeshindiliwa. Toa fataki, ingiza mdeki (fimbo ya kushindilia) hadi chini, utie alama kwenye mdomo wa mtutu. Kisha ulaze mdeki huo nje, sambamba na mtutu, alama ikiwa pale pale mdomoni. Ncha isipofika karibu na kichuchu ambacho fataki hukaa juu yake, kuna kitu ndani. Rudia mtutu wa pili. Baada ya hapo mulika ndani utazame michirizi, ile mifereji inayoizungusha gololi: kutu ya juujuu husafishika, mashimo hayasafishiki. Omba mitutu ivuliwe kitako, ining'inizwe kwa uzi, igongwe kwa ukucha. Sauti ikilia kama kengele, ulehemu unaoiunganisha uko imara; ikiwa butu, huenda umeachia, na mitutu iliyoachiana haitapatana kamwe. Vuta kila nyundo hadi nusu, ubonyeze kifyatulio: isianguke. Tafuta mihuri ya majaribio ya mtutu, kama ile ya Birmingham kwa silaha za zamani za Uingereza, au ya Gardone Val Trompia kwa zinazotengenezwa Italia na kampuni ya Pedersoli.

Vifaa viandaliwe mapema. Kwa gobore la kipenyo cha inchi .54, gololi ya kawaida ni ya inchi .530, ya madini ya risasi laini tupu, yenye gramu 14.5 hivi. Inafungwa kwa kitambaa cha pamba tupu chenye unene wa milimita 0.4, marekani iliyofumwa kwa kubana inafaa, ya nailoni huyeyuka mtutuni. Kilainisho kizuri kiko hapa hapa kwetu: nta ya nyuki ya Manyoni iliyoyeyushwa na mafuta ya alizeti. Grisi ya magari huacha masizi kama lami. Baruti iwe nyeusi tu. Ile ya risasi za kisasa hupasua mtutu. Ipimwe kwa kipimo chake, isimiminwe kamwe moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kwa sababu cheche moja iliyobaki ndani inatosha kukulipukia mkononi.

Kiangazi cha Dodoma kina mambo yake mawili. Masizi hukauka yakawa magumu, kwa hiyo pitisha kitambaa chenye unyevu kila baada ya risasi, kisha kikavu. La pili ni moto: kitambaa kilichofunga gololi huanguka mita chache mbele kikiwa bado kinafuka. Fyeka nyasi, mwaga maji, weka ndoo na mchanga karibu. Piga asubuhi, upepo haujaamka, katika eneo lenye ruhusa na tuta refu la udongo nyuma ya shabaha. Vaa miwani na vizibo vya masikio.

Anza na mita 25. Mkono wako ndio ukae juu ya mfuko wa mchanga, bunduki ikae mkononi. Ukiegemeza mtutu kwenye kitu kigumu utaruka vingine. Tumia greini 70 (gramu 4.5 hivi), mradi kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu. Piga kulia, halafu kushoto, uzungushie matundu kwa kalamu za rangi mbili. Fanya jozi tatu, kisha uhamie mita 50. Ya kulia ikienda kulia na ya kushoto ikienda kushoto, gololi inakawia mtutuni huku bunduki ikijipinda kwa mrudio, yaani teke lake la kurudi nyuma: ongeza greini 5, bila kuvuka kikomo cha kitabu. Zikipishana, punguza greini 5. Okota na vitambaa: kilichotoboka au kuchanika kinaonyesha gololi haikubanwa vizuri. Jozi zikikutana, ndipo usogeze kilengeo cha nyuma upande unaotaka risasi iende.

Hatari kubwa iko kwenye mtutu ambao hujaupiga. Mrudio wa mwenzake unaweza kuivuta gololi mbele, nafasi ikabaki kati yake na baruti, na mtutu ukapasuka. Kila ukipiga mmoja, toa fataki ya wa pili kwanza, halafu ishindilie tena gololi yake hadi alama ya mdeki. Fataki isipowasha, shikilia bunduki ikielekea shabaha kwa dakika nzima.

Siku hiyo hiyo osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu, osha upya.