SOMO: Kukodi mashine ya kukatia majani bila kupigwa, piga hesabu hivi kabla hujatoa hela

Wakuu habari za mihangaiko. Masika ndo hii, unalala majani yako kwenye kifundo cha mguu unaamka yanakaribia goti, na kila mtu anauliza "mashine ya kukodi shingapi kwa siku?" Sasa swali hilo ndo linawaponza watu, bei ya siku ni kipande tu cha gharama na mara nyingi sio kipande kikubwa kihivyo, unaweza ukapata mashine kwa bei poa kabisa halafu mwisho wa siku jirani aliyeita kijana wa fyekeo ametumia hela kidogo kuliko wewe na bustani yake iko safi. Naongelea zaidi Dar, viwanja vyetu vya Goba, Madale, Kigamboni huko, wa mikoani mtarekebisha wenyewe. Bei nitakazoweka ni za mfano ili hesabu ieleweke, usiende nazo kwa mwenye mashine ukamwambia ndo bei ya soko.

HATUA YA 1: Pima majani, usipime kiwanja
Kiwanja cha 20 kwa 30 ni mita za mraba 600, lakini toa nyumba, toa paving, toa banda la kuku na sehemu ya gari, unabaki na kama 350 za majani. Mashine ya kusukuma ya kawaida inakata upana wa sentimita 53, ukipishanisha mistari ili usiache ndevu unapata kama 45 za kweli. Ukitembea kilomita 3 kwa saa hiyo ni mita za mraba 1,350 kwa saa, ila hapo ni kwenye uwanja mnyoofu, nyumbani kuna kona, kuna miti, kuna kumwaga kikapu, kwa hiyo gawa kwa mbili. Maana yake hizo 350 zako ni kazi ya nusu saa na ushee. Nusu saa! Na wewe unalipia siku nzima.

HATUA YA 2: Chagua mashine kufuatana na majani yalivyo sasa hivi
Ya kusukuma ni ya majani mafupi, ukoka, nyasi za Pemba, bustani inayotunzwa. Kama majani yameshapita goti achana nayo, itazima kila baada ya mita mbili na wewe utakesha unavuta kamba. Hapo unataka ile ya kuning'iniza begani, ya kamba ya nailoni au ya kisu. Kamba kwa majani laini na pembeni ya ukuta, kisu kwa magugu yenye vijiti. Hii ya begani iko slow, kwenye majani marefu mtu akifanya mita za mraba 300 kwa saa amejitahidi, lakini inaingia popote.

Wengi wanakodi ya kusukuma kwa sababu inaonekana ya kistaarabu, inashindwa kazi, wanarudi kukodi ya begani, kodi mara mbili. Kama ni pori anza na ya begani, subiri yachipue, ndo uite ya kusukuma. Na kwenye bustani usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, ukiyanyoa mpaka udongo yanaungua jua na magugu yanachukua nafasi.

HATUA YA 3: Uliza "siku" yake ni nini
Kuna anayekodisha mashine tupu, kuna anayekupa na kijana wake, kuna wa bei ya kazi nzima anakuja anaangalia eneo anakutajia. Wa mashine tupu muulize siku ni saa ngapi mpaka saa ngapi, mafuta ni ya nani, mvua ikinyesha saa nne asubuhi inakuwaje. Hili la mvua watu hawaulizi kabisa. Majani mabichi yenye maji yanaganda chini ya mashine kama ugali kwenye sufuria, hukati kitu, na saa zinahesabika. Kubalianeni kabla kwamba mvua ikinyesha siku inahamishwa.

HATUA YA 4: Weka gharama zote kwenye mstari
Mfano, nyumba moja:
Kodi ya siku 30,000
Guta kwenda na kurudi 10,000
Petroli lita 1, tuseme 3,000 (bei kikomo EWURA wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, angalia ya kwenu)
Kijana wa kusukuma 10,000
Jumla 53,000, kwa kazi ya nusu saa.

Sasa ongea na majirani wawili. Kodi ni ileile 30,000, guta 10,000 ileile, petroli weka lita 2 ni 6,000, kijana mpe 20,000 maana kazi imeongezeka. Jumla 66,000, gawa kwa tatu, kila nyumba 22,000. Mashine ileile, siku ileile. Mi naona hapa ndo penye faida yote ya kukodi, mtu anayekodi peke yake kwa bustani ndogo anawalipa mwenye mashine na mwenye guta, hayo majani ni sehemu ndogo tu ya hela.

Kwa ya begani ongeza kamba ya nailoni. Ukikatia kwenye kokoto au kando ya ukuta wa tofali inaisha haraka sana, muulize mwenye mashine kama inakuja na kamba ya akiba au unanunua.

HATUA YA 5: Ikague kabla haijatoka kwake
Usiridhike kwa kuwa imewaka. Ya kusukuma fanya hivi: zima, chomoa kofia ya plagi ya kuwashia injini kwanza (usiruke hii, vidole havioti), ilaze upande huku chujio la hewa likiwa juu, ukilaza vibaya oili inaingia kwenye chujio na kabureta na hutaiwasha tena siku hiyo. Angalia kisu. Halafu zungusha kisu taratibu kwa fimbo, tazama ncha moja iko umbali gani na ukingo wa bati, zungusha nusu mzunguko tazama ncha ya pili pale pale. Moja ikiwa juu na nyingine chini, basi kuna aliyegonga kisiki au nondo, ama kisu kimepinda ama ekseli ya injini ndo imepinda. Ukiwasha utasikia mikono inakufa ganzi kwa mtetemo. Mashine ya hivyo usiichukue hata kwa bei ya bure, maana ukiirudisha utaambiwa umeipinda wewe.

Cheki na oili kwenye kijiti chake. Kama petroli iliyomo ina harufu ya rangi rangi imekaa muda mrefu, imwagwe iwekwe mpya.

HATUA YA 6: Dhamana na maandishi
Pesa ya dhamana iandikwe kwenye karatasi, na inarudi lini. Kitambulisho cha NIDA mpe kopi, halisi baki nayo. Piga video ikiwaka na ukiizunguka pande zote mbele ya mwenyewe. Kama unakodi kwa niaba ya ofisi dai risiti ya EFD, na uliza mapema kama bei aliyotaja ina VAT ndani, asilimia 18 sio ya kushtukizwa nayo kaunta.

HATUA YA 7
Kabla ya kukata, tembea eneo lote na ndoo uokote mawe, waya, chupa na vipande vya nondo vya mafundi wa nyumba. Watoto ndani. Viatu vilivyofunika, sio kandambili. Ukimaliza, kofia ya plagi tena, kwangua majani chini, irudishe safi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mi ni mwalimu, tuna uwanja wa mpira wa shule, kodi ya mashine ya kusukuma siku moja itatosha?
Jibu: Mwalimu, uwanja wa kiwango cha 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, kama eka moja na robo tatu. Ukigawa 68 kwa sentimita 45 unapata mistari 151, kila mmoja mita 105, huyo kijana atatembea karibu kilomita 16 akisukuma mashine juani. Masaa matano na ushee bila kupumzika, na petroli lita tano sita. Inawezekana kwa siku moja kwa vijana wawili wa kupokezana, ila ulizia kwanza mwenye trekta lenye mashine ya kufyeka nyuma, wengi wanachaji kwa eka, linganisha.

Swali: Ya begani niliyopewa wanasema nichanganye oili, kiasi gani?
Jibu: Soma tanki au kitabu chake. Zenye 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli, za 25 kwa 1 ni mililita 40. Tumia oili ya injini za kuchanganya, sio ya gari. Na uhakikishe kweli ni ya kuchanganya, maana kuna za begani, kama zile za Honda GX35, ambazo oili ina sehemu yake na tankini unaweka petroli tupu. Ukiweka petroli tupu kwenye ya kuchanganya, injini inakufa na dhamana yako inaondoka nayo.

Swali: Mbona mbuzi wanne wanamaliza kazi yote hiyo na hukodi chochote?
Jibu: 😂 Mkuu watamaliza na maua ya mama mwenye nyumba. Kwenye pori tupu sikatai.

Swali: Niko Nakuru, hapa ni kikuyu grass tupu, inakuwa nzito kama godoro, hiyo hesabu yako ya nusu saa itashika kweli?
Jibu: Haitashika ndugu yangu, hiyo inasukana chini, tembea nusu ya mwendo, kata mara mbili, ya kwanza kisu kikiwa juu. Weka masaa mara tatu hadi nne. Na kisu kiwe kimenolewa, hiyo muambie mwenye mashine kabla hujalipa.

Swali: Za umeme je? Nimeona kuna ya kuchomeka ukutani.
Jibu: Kwa bustani ndogo ni nzuri, kelele kidogo na petroli hakuna. Yenye wati 1,600 inakula yuniti 1.6 kwa saa. Shida ni waya, uwe mnene na mrefu wa kutosha, upite nyuma yako muda wote, na kwenye majani yenye maji usijaribu kabisa.

Swali: Kwa nini nisinunue tu?
Jibu: Chukua bei ya mashine, gawa kwa unachotumia kukodi kila mara. Tuseme mpya ni 700,000 na wewe unakodi na majirani kwa 22,000, hapo ni mara 31 na zaidi kabla haijajirudisha, bado hujanunua oili, plagi, kisu, na sehemu ya kuilaza isiibiwe. Ukikata mara moja kwa mwezi hiyo ni miaka miwili na nusu na ushee. Ila kama unakodi peke yako kwa 53,000 inafika mara 13 tu, ndani ya mwaka na kidogo, na hapo mi ningenunua halafu niwakodishie majirani.

Swali: Mwenye mashine anasema kisu kikikatika ni juu yangu, ni sawa?
Jibu: Ukigonga jiwe ni wewe. Kikiwa kilishakuwa na ufa ni yeye, ndo maana nikasema video. Usikipige picha kwa mbali, sogeza simu karibu mpaka ncha zote mbili na boliti ya katikati zionekane.