Kuuza urembo wa shanga kwa jumla kwenye maonyesho ya biashara

Hereni iliyo mezani pako kwenye maonyesho ni sampuli. Mwenye duka anapoishika, hesabu yake ni jozi 60 za namna hiyohiyo, rangi ileile, zimfikie kabla msimu wake wa mauzo haujaanza. Kwa hiyo maandalizi yote, kuanzia shanga unazonunua mpaka fomu unayomjazia, yanamjibu swali moja: huyu fundi anaweza kurudia? Watunga shanga wengi wenye mkono mzuri hukosa oda hapo, maana wamebeba vipande 200 na kila kimoja hakina mwenzake.

Maonyesho ya Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, ni ya watu wote. Umati unanunua kimojakimoja, na wenye maduka na hoteli wamechanganyika humohumo. Watafute zaidi asubuhi za siku za kazi, kabla watu hawajafurika. Ambiente ya Frankfurt, Maison&Objet ya Paris na NY NOW ya New York ni za wafanyabiashara. Huko kazi ni kuandika oda, mzigo unafuata baadaye. Maonyesho ya Paris hufanyika Januari na Septemba, na ukienda lazima ujue mwenye duka anajaza rafu za miezi ijayo. Ukimwambia mzigo wa Krismasi utafika Desemba 15, umemwambia hautauzika.

Mkusanyiko

Miundo 30 inatosha, mradi iwe familia: hereni, bangili na mkufu vinavyofanana rangi na mtindo, ili duka liweze kupanga rafu nzima. Rangi mbili au tatu kwa kila muundo, basi. Tengeneza sampuli tatu za kila muundo: moja ya mezani, moja ya akiba, na moja inabaki karakanani. Hii ya tatu ndiyo sampuli mama. Kila fundi apime kazi yake kwa hiyo, si kwa kumbukumbu wala kwa picha ya simu. Kila muundo upewe namba, kwa mfano H-07-BL kwa hereni ya saba ya bluu, na namba hiyo iandikwe kwenye lebo, kwenye katalogi na kwenye fomu ya oda bila kubadilika hata herufi.

Bei

Chukua mfano wa jozi ya hereni. Shanga, uzi na kulabu sh. 2,200. Kazi ya saa moja na nusu, kwa sh. 3,000 kwa saa, ni sh. 4,500. Kadi, kifuko na lebo sh. 600. Hapo ni 7,300. Ongeza 15% kwa ajili ya kodi ya chumba, umeme, nauli na vinavyoharibika, kama sh. 1,100. Gharama yako ni 8,400. Zidisha mara mbili upate bei ya jumla, 16,800, weka 17,000. Mwenye duka naye atazidisha mara mbili au zaidi, auze 34,000 kwenda juu, kwa sababu anabeba kodi, mishahara na mali inayolala.

Kosa linaloumiza ni kuanzia bei ya mpita njia, tuseme 20,000, ukapunguza kidogo ukaiita ya jumla. Duka likiizidisha bei hiyo mara mbili halitauza, na likisikia kwamba wewe mwenyewe unauza 20,000 kwenye banda hilohilo, halirudi. Ukiuza rejareja Sabasaba, uza kwa bei ya duka. Na kama 34,000 ni kubwa kwa soko hilo, punguza mistari ya shanga hadi kazi iishe kwa dakika 50. Usikate ujira wa mtungaji. Fundi anayelipwa kidogo huharakisha, na kasoro zake zinakurudia kwenye mzigo uliokataliwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani, piga hesabu ya uwezo. Watungaji 8, jozi 4 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni jozi 704. Ahidi 70% yake, kama 490. Kuna misiba, kuna mvua, kuna msimu wa kulima, na mtoto huugua.

Banda

Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75. Iko chini mno kwa kitu kidogo kama hereni. Iinue ifike 90 hadi 100. Tandika kitambaa cha rangi moja isiyo na maua, maana shanga zenyewe zina rangi za kutosha. Weka taa zako mwenyewe na kioo. Usijaze meza: akiba iwe chini, imefunikwa.

Simama mbele au ubavuni mwa meza, na usile hapo. Mtu akiuliza, "Dada, hizi bei gani?" usitaje namba kwanza. "Karibu sana. Unanunua kwa ajili ya duka, au yako mwenyewe?" Jibu lake linakuambia utaje bei ipi. Mwenye duka mpe sampuli aishike, aivute, aivae; mweleze muda wa kutengeneza na kiwango cha chini cha oda, kisha nyamaza aangalie. Jozi 6 kwa kila muundo, na oda ya kwanza isiyopungua sh. 500,000, ni kiwango ambacho duka dogo linakiweza na wewe hakikutii hasara.

Akiagiza, jaza fomu palepale: jina la duka na anwani, namba za miundo, rangi, idadi, bei, tarehe ya kutoka karakanani, nani analipa usafiri, na masharti ya malipo. Atie sahihi, apige picha nakala yake. Oda ya mdomo hubadilika akifika kwao. Kianzio ni 50% kabla hujanunua shanga, na salio kabla mzigo haujatoka. Duka geni likiomba kulipa siku 30 baada ya kupokea, kataa kwa upole; hicho ni kitu cha mteja aliyekwisha kulipa oda mbili au tatu. Akitaka awe peke yake anayeuza kazi zako mjini kwake, mkubalie kwa miezi 6 na kwa kiasi cha oda kilichoandikwa.

Shanga, kulabu na shaba

Bluu ya pakiti ya leo na bluu ya mwezi ujao mara nyingi hazilingani, hata kama namba ya rangi ni moja. Nunua shanga za oda nzima kwa mkupuo mmoja, ongeza 10%, na ubandike lebo ya pakiti kwenye daftari. Kumbuka shanga za saizi 11/0 ni ndogo kuliko za 10/0. Ukizichanganya, mstari unapinda na bangili haikai mviringo. Kabla ya kufunga, vuta kila kifungio kwa nguvu ya mkono. Fundo lililotegemea gundi tu ndilo linaloachia kwanza.

Kwa Ulaya sheria ni kali na zina namba. Kulabu inayopita kwenye tundu la sikio haitakiwi kuachia nikeli, metali inayoweza kuwasha ngozi, zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Bangili na mikufu, 0.5. Madini ya risasi yasizidi 0.05% ya uzito wa sehemu yoyote, na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, isizidi 0.01% kwenye sehemu za metali. Shaba ya manjano inayoyeyushwa kutoka mabomba na kufuli chakavu inavutia, na hadithi yake ni nzuri, lakini mara nyingi ina risasi kupita kiwango hicho. Ipime maabara kabla ya kuipeleka. Kwa kulabu, tumia fedha 925 (yenye 92.5% ya fedha halisi) au titani yenye cheti cha muuzaji. Magamba ya kasa na pembe za ndovu usiziguse kabisa. Simbi, pembe na mifupa ya ng'ombe, uliza vibali vyake kwanza.

Baada ya maonyesho

Ndani ya siku tatu, mtumie kila aliyeacha kadi picha ya vitu alivyovishika, ukitaja namba zake. Usimtumie katalogi nzima. Mzigo uende na kila jozi kwenye kadi yake, ndani ya kifuko, 12 kwa boksi, na orodha ya vilivyomo ilingane na ankara. Urembo wa shanga usio wa madini ya thamani unaingia chini ya namba ya ushuru 7117. Wiki sita baada ya mzigo kupokewa, uliza ni namba zipi zimeisha. Oda ya marudio ikija, fungua daftari la pakiti na utoe sampuli mama kabatini kabla ya kumpa mtu sindano.