Kabla hujaandika neno la kwanza la Wordle

Wordle ni mchezo wa mtandaoni unaokupa nafasi sita za kulipata neno moja la Kiingereza lenye herufi tano. Josh Wardle aliutoa mchezo huu hadharani Oktoba 2021, gazeti la New York Times likaununua Januari 2022. Kila neno ukiliandika, herufi zake hupata rangi. Kijani maana yake herufi ipo na imekaa mahali pake, njano, ipo lakini si hapo, kijivu, haipo. Hiyo kijivu ina ujanja wake, tutaufikia.

Anza na sikio lako, maana ndilo litakalokuponza. Kiswahili tunakiandika tunavyokitamka, na maneno yetu huishia kwa irabu. Kiingereza hakijali hayo. Kuna herufi zinazoandikwa na hazisikiki: K ya KNEEL, W ya WRONG, G ya GNOME, B ya THUMB. Kuna LAUGH, ambayo mwisho wake ni F mdomoni na GH kwenye karatasi. Maneno ya aina hii yaandike mahali, ishirini au thelathini yanatosha, uyapitie mpaka macho yayazoee.

Herufi mbili zinahitaji uangalizi zaidi. Ya kwanza ni C. Kwetu haisimami bila H, kwa hiyo mkono hukimbilia K, ilhali katika majibu ya Wordle C hutokea kama mara mbili ya K. Ya pili ni Y. Sisi tunaijua kama konsonanti ya kuanzia silabi, wao huifungia neno kama irabu: CANDY, EARLY, HAPPY. Orodha ya awali ya majibu ilikuwa na maneno takriban 2,300, na zaidi ya 350 kati yake yaliishia Y. Ukiwa na kijani nne kasoro ya mwisho, E haikukubali na umekwama, jaribu Y.

Halafu uwe na maneno ya kufungulia yaliyopangwa kabisa, usiyatafute huku saa inakwenda. Wengi hupenda ADIEU kwa sababu ina irabu nne. Hatuipendekezi: irabu peke yake hazitenganishi maneno, kazi hiyo hufanywa na konsonanti. Afadhali SLATE, kisha CORNY. Hapo umeshapima herufi kumi tofauti, karibu zote zile zinazotokea mno. Ukiwa bado gizani, andika HUMID uongeze tano nyingine bila kurudia hata moja, na zitakazobaki hazijaguswa ni kumi na moja tu katika ishirini na sita. Lakini kama SLATE na CORNY zimeshakupa herufi nne za rangi, HUMID iache. Anza kulipanga neno.

Usipoteze nafasi kwa wingi wa S. BOOKS au CARDS mchezo utazipokea, ila kwa kawaida hazifanywi jibu. Katika majibu, S hukaa mwanzoni zaidi kuliko mwishoni. Hata BWANA imo kwenye kamusi nyingi za Kiingereza, na bado usiitegemee.

Sasa ile kijivu. Tuseme jibu ni ANGEL nawe umeandika LEVEL. E na L za mwisho zitakuwa kijani. L na E za mwanzo zitakuwa kijivu, ingawa herufi zote mbili zimo kwenye jibu, kwa sababu jibu lina E moja na L moja tu na zimeshahesabiwa. Asiyejua hili hufuta herufi nzima kichwani mwake na kujifungia mlango. Ukirudia herufi, moja ikapata rangi na nyingine ikawa kijivu, kijivu hiyo inamaanisha tu kwamba haipo nyingine zaidi.

Panapouma hasa ni mtego wa familia. Umepata kijani nne: S, H, A, nafasi tupu, E. Unafurahi, kumbe umebaki na maneno saba: SHADE, SHAKE, SHALE, SHAME, SHAPE, SHARE, SHAVE. Ukiwa na nafasi tatu na ukayajaribu moja moja, kukosa ni rahisi kuliko kupata. Kaa uhesabu. Herufi zinazogombea ni D, K, L, M, P, R na V. Andika DRINK, neno ambalo unajua fika si jibu: linapima D, R na K kwa mpigo mmoja. Ikipata rangi mojawapo, jibu unalo. Zote zikiwa kijivu, andika LUMPY, ipime L, M na P. Nazo zikigoma, imebaki V, na nafasi ya tatu ni SHAVE. Hukosi. Familia nyingine za kujua mapema ni za -IGHT, -OUND na -ATCH. Kila moja ina watoto saba au zaidi.

Tahajia ni ya Kimarekani. Aliyesoma Kiingereza cha shule zetu hukiona COLOUR kina herufi sita akakipuuza, wakati COLOR, HONOR, LABOR na FIBER ni tano kamili. HUMOR ilipotoka Februari 2022 Waingereza walilalamika kweli kweli.

Upande wa simu, kagua tarehe na saa, maana neno jipya huja saa sita usiku kwa saa ya kifaa chako. Kama huna akaunti, rekodi ya ushindi wako hukaa ndani ya kivinjari. Ukisafisha data zake, siku zako zote mfululizo zimekwenda. Mwisho fungua mipangilio uone kama hali ngumu imewashwa. Ikiwashwa, kila dokezo ulilopata lazima ulitumie kwenye neno linalofuata, na DRINK ya pale juu haitakubaliwa. Anayecheza hivyo hana budi kupima D, R, L, M na P mapema, kabla hajaipata SHA-E.