Pawa saplai dhaifu? Soma kibandiko chake kabla ya kununua kadi ya grafiki

Jumla ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) isikudanganye. Fungua kasha la kompyuta, tafuta mstari wa +12V (umeme wa volti 12) kwenye kibandiko, kwani huko ndiko prosesa na kadi ya grafiki hupata umeme wao. Zidisha ampea kwa 12: ampea 18 ni wati 216. Toa wati za prosesa (tuseme 65 hadi 90) na kama 40 za mazabodi (bodi kuu), diski na feni. Kinachobaki ndicho cha kadi, na usikitumie chote, hasa pawa saplai ikiwa imezeeka.

Sloti ya PCIe x16, ile ndefu ya mazabodi inamochomekwa kadi ya grafiki, hutoa hadi wati 75, kwa hiyo chagua kadi isiyo na tundu la umeme la pini 6 au 8: RTX 3050 ya GB 6, RX 6400, au GTX 1650. Hiyo ya mwisho ichunguze vizuri, baadhi ya matoleo yana tundu. RX 6400 nayo hutumia njia 4 tu za data za PCIe, hivyo kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 hupungua kasi.

Tafadhali usinunue adapta ya SATA (plagi ya umeme wa diski) kwenda pini 6. Plagi ya SATA hubeba wati 54 tu kwenye 12V, ilhali kadi inaweza kuvuta 75 kupitia pini 6; plagi hupata moto na kuyeyuka.

Kompyuta ikizima ghafla mara tu gemu linapoanza, shuku umeme kabla ya draiva (programu inayoendesha kadi).