Kizunguzungu kinachorudi rudi: jinsi ya kujua kama shida ni majimaji ya sikio la ndani

Ukifika kwa daktari ukasema tu "nina kizunguzungu" bado hujamwambia kitu, maana kuna anayehisi kichwa chepesi, kuna anayekaribia kuzimia, na kuna anayeona chumba kizima kinazunguka. Sikio la ndani mara nyingi linaleta hiyo ya kuzunguka, kwa hiyo anza kwa kueleza vizuri unahisi nini.

Halafu angalia saa. Muda ndo unasema mengi kuliko kitu chochote. Kikikujia ukijigeuza kitandani au ukiangalia juu na kikaisha ndani ya dakika moja, mara nyingi ni vichembe vya kalsiamu vimehama mahali pake, sio majimaji, na daktari anakulaza haraka kichwa kimegeuzwa upande huku anatazama macho yako yanavyochezacheza. Kikikaa siku kadhaa mfululizo na unasikia vizuri tu, atafikiria neva inayosaidia mwili kusimama bila kuyumba imevimba. Ila kikija chenyewe, kikadumu dakika 20 hadi masaa 12, kikapotea halafu kikarudi siku nyingine, na sikio moja linavuma, limejaa kama limeingia maji na usikivu wake unapanda na kushuka, hapo ugonjwa wa Ménière, ndiyo hiyo shida ya majimaji ya sikio la ndani, lazima ufikiriwe. Jina ni la Prosper Ménière, daktari Mfaransa ambaye mwaka 1861 alionyesha kwamba kizunguzungu cha namna hii kinatoka sikioni, wakati huo wengi walikuwa wanakitupia ubongo.

Kwa hiyo weka daftari. Kila kikija andika kimeanza saa ngapi, kimeisha saa ngapi, sikio gani, ulitapika au la, kichwa kiliuma au mwanga ulikusumbua, maana kipandauso nacho kinaiga haya mambo vizuri sana na wengine wanakuwa na vyote viwili.

Usisubiri daftari kama umeona uso umepinda, ulimi mzito, unaona vitu viwili viwili, mkono au mguu umelegea au huwezi kusimama kabisa. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa daktari wa masikio, pua na koo omba kipimo cha usikivu, bila hicho hakuna wa kukuthibitishia Ménière. Kinachotafutwa ni usikivu kupungua kwenye sauti nzito na za kati upande wenye shida, na daktari anataka angalau mashambulizi mawili. MRI, picha ya ndani ya kichwa, nayo inaweza kuagizwa, kazi yake hasa ni kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva ya usikivu, kwa hiyo ikitoka safi haimaanishi unajifanya mgonjwa.

Na hili linaniuma kwa sababu linawarudisha watu nyumbani bila jibu: mwanzoni usikivu hurudi sawa baada ya shambulio, ukipimwa wiki tatu baadae kila kitu kinaonekana kizuri. Rudi upimwe tena siku sikio limeziba, hata kama kizunguzungu chenyewe kimeshapita, na uende na daftari lako.