Nesi wa kuzunguka: haya uliza kabla hujakubali kwenda huko mbali

Ukipigiwa simu ukaambiwa kuna nafasi ya wiki 6 kwenye zahanati fulani mbali huko, nesi aliyepo anaenda likizo, wengi wetu swali la kwanza ni hela. Mi nasema hela iwe swali la pili. La kwanza uliza hivi, mgonjwa akizidiwa saa nane usiku anatokaje hapo? Gari lipo au linaitwa kutoka mbali, dereva analala wapi, mafuta anaweka nani, mvua ikinyesha barabara inapitika au mnasubiri mto ushuke? Wakikujibu "tutaona tu", jua wewe ndo utakayeona.

Hela sasa. Soma mkataba mpaka mwisho, hasa sehemu ya zamu za kuitwa usiku. Mi kuna sehemu nilifanya kazi nikawa nagongewa mlango karibu kila usiku, kuja kuangalia karatasi kumbe wanalipa masaa ya mchana tu, na saini ni yangu mwenyewe. Nani wa kumlaumu? Uliza pia nauli ya kwenda na kurudi, nyumba (mlango ufungike kwa ndani, hilo usione aibu kuliuliza), na nani anakushikia ukiumwa wewe. Leseni hakikisha inatambulika kule unakoenda, maana kuna nchi leseni ya jimbo hili haikuruhusu kufanya kazi jimbo lile.

Ukifika usianze na foleni hata kama watu wamejaa nje. Kama hakuna aliyezidiwa, waombe nusu saa ukague vitu kwa mikono yako, usikubali kuambiwa "kipo". Mtungi wa oksijeni ufungue uone kama unatoa. Ambu bag (ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua) ziba tundu lake la kutolea hewa kwa kiganja halafu minya, ikikugomea kuminyika basi ni nzima, ikilegea tu ujue inavuja sehemu na utakuja kugundua siku mtoto amezaliwa halii.

Friji ndo usiipite haraka. Inatakiwa isome kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wanaogopa joto tu wakati chanjo kama ya pepopunda, homa ya ini B na ile ya penta (ya magonjwa matano kwa pamoja) zinaharibiwa kabisa na kuganda, na ukizitazama zimeshayeyuka huoni kitu. Ukizishuku chukua chupa nyingine ya aina ileile, mtengenezaji yuleyule na toleo lilelile, igandishe makusudi mpaka iwe jiwe, iache iyeyuke, kisha zitikise zote mbili pamoja uziweke mezani ukae uangalie. Hiyo uliyoishuku unga wake ukituama chini haraka sawa na ile uliyoigandisha, tupa box zima. Kuna na kale kamraba kwenye lebo ndani ya duara, kanakobadilika rangi kwa joto, kakishakuwa na rangi sawa na duara au kuzidi, chupa hiyo haifai. Humo humo friji angalia kama oksitosini (sindano ya kukaza kizazi damu isitoke nyingi) ipo, kuna sehemu unaikuta imekaa kwenye trei ya kuzalishia wiki nzima na joto lote lile halafu mtu anashangaa mama anachomwa na damu haikati.

Kitu kingine ambacho hakuna atakayekukumbusha ni wewe mwenyewe. Ukijichoma na sindano, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, masaa 72 yakipita ndo basi, sasa kama hospitali iko safari ya siku mbili hizo dawa lazima ziwe kwenye kabati lako kabla hujashika sindano ya kwanza.

Simu nayo. Jua mtandao unashika wapi, kuna pahala nilikuwa natoka wodini natembea mpaka kwenye kichuguu ndo naongea. Ukiwa hivyo huna muda wa kuanza kusimulia tangu mwanzo. Maneno ya kwanza yawe kama haya: "Mama amejifungua dakika 40 zilizopita, anatoka damu nyingi, nimempa oksitosini yuniti 10, kizazi bado laini, presha 80 kwa 50, naomba gari sasa hivi." Na wakati wewe uko kichuguuni kuna mtu anatakiwa awe anakanda hicho kizazi, kwa hiyo siku ileile ya kwanza mfundishe mhudumu wako, muoneshe kabisa mkono unakaa wapi. Huyo huyo mhudumu ndo anajua nyumba gani kuna mjamzito na mgonjwa gani aliacha dawa kimya kimya, msikilize. Na kama lugha ya pale huijui, muulize wanasemaje angalau "wapi panauma" na "tangu lini", uandike kwenye kiganja.

Wiki ya mwisho anza kuandika makabidhiano mapema, usingoje gari likiwa linapiga honi nje. Nani yuko kwenye dozi na kaishia ya ngapi, mjamzito gani presha yake inapanda, nini kimeisha stoo. Na ufunguo wa kabati la dawa andika uko wapi, mi wangu niliutafuta asubuhi nzima, ulikuwa ndani ya kopo la pamba.